Mkono Unapopita Nyuma ya Kichwa: Kuhuisha Mpangilio wa Matabaka katika Katuni za 2D

Mhusika wa katuni amesimama akitutazama, mikono imening'inia. Anawaza jambo. Anainua mkono wa kulia, anaupitisha pembeni ya sikio, anakuna kisogo, kisha anaushusha. Ni kitendo cha sekunde moja na ushee, na programu yoyote ya uhuishaji itakusaidia karibu kila hatua: ukiweka pozi la mwanzo na pozi la mwisho, yenyewe hujaza yaliyo kati. Bega litazunguka, kiwiko kitakunjika, kiganja kitapanda taratibu. Kuna jambo moja tu halijazwi. Mkono ulianza ukiwa mbele ya mwili na sharti uishie nyuma ya kichwa, na baina ya mbele na nyuma hakuna kitu cha kujaza.

Wanaojifunza kazi hii hukwama hapo mara nyingi, na naona sababu ni kwamba mafunzo mengi huonyesha kitufe cha kubofya bila kueleza kinachobadilika ukikibofya. Kitufe chenyewe ni cha kujifunza kwa dakika tano. Kazi hasa ni kuamua badiliko litokee kwenye fremu ipi, na mwili ukatwe vipande vipi, ili mtazamaji asilione likitokea.

Programu inachora nini kwanza

Programu ya 2D haijui kwamba kichwa ni cha mviringo wala kwamba mkono una unene. Inachokijua ni orodha ya picha bapa, ambazo ndizo matabaka. Huanza na iliyo chini kabisa, huichora, hupanda kwa inayofuata na kuichora juu yake, hivyo hivyo hadi orodha iishe. Inayochorwa baadaye hufunika iliyotangulia popote zinapokutana. Katika michoro ya kompyuta njia hii huitwa algoriti ya mchoraji, kwa kuwa mchoraji naye hupaka anga kwanza, kisha milima, kisha mti ulio karibu.

Utaratibu huo ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd aliomba hataza ya kuchora wahusika kwenye karatasi angavu za selulodi zinazolazwa juu ya mandhari iliyochorwa mara moja tu. Studio zikazoea kupanga selulodi juu ya selulodi chini ya kamera: mwili kwenye moja, mkono kwenye nyingine, mdomo juu yake. Lakini selulodi haikuwa angavu kabisa. Kila karatasi iliyoongezwa ilififisha kidogo rangi za chini yake, kwa hiyo wapakaji walichanganya rangi zenye tofauti ndogo kwa kila ngazi, ili koti la mhusika lisionekane limebadilika rangi pale karatasi yake inapohamishwa kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Programu za leo zimetuondolea shida ya rangi. Ile ya mpangilio zimeirithi jinsi ilivyo.

Kwa nini hakuna nusu njia

Pembe ya kiwiko ikitoka digrii 10 hadi 70, kuna 40 katikati. Mahali pa kiganja, ukubwa wa jicho, uzito wa rangi, vyote vina nusu njia. Mpangilio wa matabaka uko kama foleni: ama uko mbele ya mwenzako, ama uko nyuma yake. Ndiyo maana fremu kuu ya mpangilio, yaani alama kwenye mstari wa wakati inayohifadhi hali uliyoiweka, hufanya kazi tofauti na fremu kuu nyingine. Hushikilia hali moja bila kusogea hata kidogo hadi ifike fremu kuu inayofuata, kisha hali inageuka yote kwa mara moja. Kwenye picha inayokwenda kwa fremu 24 kwa sekunde, badiliko hilo hutokea ndani ya milisekunde 42 hivi, na jicho hulikamata bila taabu likiwa limewekwa vibaya.

Sasa tazama kwa makini ni nini hasa jicho linakamata. Ukibadilisha nafasi za matabaka mawili kwenye orodha, pikseli zinazobadilika ni zile tu zilizo mahali ambapo matabaka hayo yanapishana. Nje ya hapo hakuna kitu kinachoguswa. Kama kwenye fremu hiyo matabaka hayagusani kabisa, umebadilisha mpangilio na picha imebaki ile ile. Kama yanapishana lakini eneo hilo lina rangi moja na halina kontua, yaani mstari wa ukingo wa umbo, picha pia imebaki ile ile. Kwa hiyo ukubwa wa mruko, yaani badiliko la ghafla analoliona mtazamaji, hupimika: ni eneo la kupishana lenye rangi au mistari isiyolingana. Mtu akishalielewa hilo, maswali mengi ya mpangilio huacha kuwa ya kubahatisha. Unatafuta fremu ambayo eneo hilo ni sifuri, na kama haipo unaiunda.

Kabla ya kuitafuta, kuna mkanganyiko wa kuondoa. Ndani ya mhusika mmoja mna mipangilio miwili isiyotegemeana. Mmoja ni wa mifupa: kiganja ni mtoto wa kigasha, kigasha ni mtoto wa mkono wa juu, mkono wa juu ni mtoto wa kiwiliwili. Huo huamua nani anamfuata nani akisogea. Wa pili ni wa kuchora, nao huamua nani anamfunika nani. Kiganja kinaweza kuendelea kuning'inia kwenye kigasha kimifupa huku kikichorwa nyuma ya kila kitu. Katika programu ya Spine mambo haya yametenganishwa waziwazi: mifupa ina mti wake, na mpangilio wa kuchora una orodha yake pembeni. Programu nyingine huyaweka kwenye paneli moja, na mtu akivuta tabaka ili lipite nyuma hujikuta amelitoa kwa mzazi wake na mkono umeruka pembeni ya skrini. Ukiona hivyo, umegusa mpangilio wa kwanza ulipotaka kugusa wa pili.

Fremu thelathini za kukuna kisogo

Turudi kwa mhusika wetu, na tumpe fremu 30. Kuanzia chini kwenda juu, orodha yake ya kuchora ni hii: kiwiliwili, kichwa, mkono wa juu, kigasha, kiganja. Mkono wote uko mbele. Akikuna kisogo, kigasha na kiganja vinatakiwa kushuka hadi chini ya kiwiliwili, kwa sababu vitapita nyuma ya shingo pia. Mkono wa juu ubaki pale pale. Huu ni uamuzi wa kwanza na ndio unaosahaulika zaidi. Anayeuhamisha mkono mzima huona bega likimezwa na kiwiliwili ghafla, kwa sababu begani mkono na mwili hupishana muda wote. Hakuna fremu hata moja iliyo safi.

Kigasha na kiganja vihame pamoja bila kubadilishana nafasi zao wenyewe. Kama kiganja kilikuwa juu ya kigasha mwanzoni, kibaki juu yake hata huko nyuma, la sivyo mstari wa kifundo cha mkono utaruka hata kama kila kingine kimekwenda sawa.

Linabaki tatizo la kiwiko, na hapa pana utamu wake. Mwanzoni kigasha kilikuwa juu ya mkono wa juu. Baada ya kuhama kimekuwa chini yake. Kiwikoni vipande hivi viwili hupishana daima, maana ndiko vilikounganishwa, kwa hiyo hutapata fremu ambayo badiliko hilo halionekani. Wengi hujaribu kulifunika kwa kufuta kontua kwenye ncha za vipande, ili mduara wa kiwiko uwe rangi tupu inayoingia ndani ya rangi tupu. Inafanya kazi kwa mtindo usio na mistari. Kwa mhusika mwenye kontua nene, mimi ningerudi nyuma kabisa na kupanga upya tangu mwanzo: kiwiliwili, kichwa, kigasha, kiganja, mkono wa juu. Yaani hata mkono unaponing'inia, mkono wa juu uwe ndio unaofunika kigasha, kama mkono wa shati unavyofunika ngozi. Kigasha kikishuka chini ya kichwa na kiwiliwili, uhusiano wake na mkono wa juu haujabadilika hata kidogo. Kiwiko hakina habari kwamba kuna kilichotokea.

Ndipo ifuate njia ya kiganja. Programu ikijaza yenyewe kati ya pozi la kuning'inia na pozi la kisogoni, kiganja kinaweza kukata mbele ya uso, na hapo kila fremu ina mpishano. Kwa hiyo ongeza pozi la kati: kwenye fremu ya 9 kiwiko kimesogea nje ya bega, na vidole viko hewani pembeni ya sikio, havigusi nywele. Kwenye fremu ya 10 bado viko hewani. Weka badiliko la mpangilio hapo hapo kwenye fremu ya 10. Kufikia fremu ya 11 ncha za vidole zinaanza kuzama nyuma ya nywele, na macho ya mtazamaji yanaona mkono uliozunguka kichwa. Hakuna kichwa kilichozungukwa. Kuna safari pana ya kiganja na badiliko moja lililowekwa mahali patupu.

Wakati wa kurudi, mlolongo ni ule ule kinyume chake, tuseme badiliko kwenye fremu ya 23 kiganja kikiwa hewani tena. Lazima liwekwe kwa mkono; mpangilio haurudi wenyewe kwa kuwa mkono umerudi.

Ili kukagua, simama kwenye fremu ya 9, nenda ya 10, rudi ya 9, mara kadhaa kwa haraka. Usiangalie mkono. Angalia kama kuna sehemu ya picha iliyobadilika rangi mahali ambapo hakuna kilichosogea. Wahuishaji wengine hupaka kila tabaka rangi kali isiyofanana na nyingine kwa ajili ya ukaguzi huu, kisha hurudisha rangi halisi. Ni kazi ya dakika chache na huonyesha miruko ambayo rangi za ngozi huificha kwenye skrini ndogo na kuifichua kwenye skrini kubwa.

Kuna vitendo visivyo na fremu tupu. Mikono ikikunjwa kifuani, kwa mfano, mmoja hupita chini ya mwingine na yote miwili iko juu ya kiwiliwili tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo chagua fremu ambayo mwendo una kasi kubwa kuliko zote. Kati ya fremu hiyo na iliyotangulia, kila kitu kimehama mbali, jicho halina mahali thabiti pa kulinganisha. Mahali pabaya kabisa pa kubadilisha ni mwisho wa kitendo, mkono unapokaribia kutulia, kwa sababu picha imesimama na kitu pekee kinachotikisika ni ule mruko. Ajabu ni kwamba ndipo wanaoanza huliweka badiliko mara nyingi, kwa kuwa ndipo walipokuwa wamesimama kwenye mstari wa wakati walipogundua kwamba mkono uko upande usio wake.

Orodha au namba

Programu zimegawanyika katika namna mbili za kuhifadhi mpangilio, na tofauti yake hugusa kazi ya kila siku.

Namna ya kwanza huhifadhi orodha yenyewe. Katika Moho, matabaka ya mhusika hukaa ndani ya tabaka la kundi, na kwenye mipangilio ya kundi hilo, sehemu inayohusu kupanga kwa kina, kuna kisanduku cha kuruhusu mpangilio uhuishwe. Bila kukiwasha, kuvuta tabaka ni kubadilisha mhusika kwa fremu zote. Ukishakiwasha, nenda kwenye fremu unayotaka, vuta tabaka juu au chini kwenye paneli, na fremu kuu hujiandika kwenye mstari wa wakati wa kundi. Angalia neno hilo: wa kundi. Anayeitafuta kwenye tabaka la mkono haioni na hudhani haikuhifadhiwa. Na fremu ya 0 katika Moho ni ya ujenzi, si ya uhuishaji. Mpangilio unaouweka hapo ndio wa asili.

Spine nayo huhifadhi orodha. Fremu kuu moja ya mpangilio hubeba nafasi za vipande vyote vya mhusika, si ya kile ulichokisogeza tu. Hili lina matokeo yasiyotarajiwa. Tuseme una fremu kuu za mpangilio kwenye 10, 14 na 23, kisha unagundua kwamba kofia ilipaswa kuwa juu ya nywele tangu mwanzo. Ukiirekebisha kwenye 10, itakaa sawa kwa fremu nne, halafu kwenye 14 itashuka tena, kwa sababu orodha ya 14 iliandikwa ukiwa bado na kosa. Sharti urekebishe zote tatu. Kwa hiyo mpangilio wa asili ukamilishwe na ukaguliwe kabla ya fremu kuu ya kwanza ya mpangilio kuwekwa. Naliona hili kuwa la lazima kwa mhusika mwenye vipande zaidi ya ishirini.

Namna ya pili haihifadhi orodha. Kila tabaka lina namba ya kina, na programu hupanga kwa kulinganisha namba. Toon Boom Harmony, Synfig na OpenToonz ziko upande huu kwa njia tofauti, na injini za michezo pia: katika Godot kila kitu cha 2D kina namba ya Z kati ya -4096 na 4096, na namba hiyo huweza kuhuishwa kama thamani nyingine yoyote. Faida yake ni kwamba unagusa tabaka moja bila kugusa mengine. Hatari yake iko kwenye ujazaji. Namba ina nusu njia, hata kama mpangilio hauna.

Chukua kiwiliwili chenye kina 0. Kiganja kiko kwenye 2, yaani mbele, kwenye fremu ya 1, nawe umekiweka -3 kwenye fremu ya 13. Programu inajaza kwa mstari mnyoofu. Kwenye fremu ya 5 kiganja kiko 0.33, bado mbele. Kwenye fremu ya 6 kiko -0.08, tayari nyuma. Mruko umetokea fremu ya 6, na hukuichagua wewe. Hesabu ndiyo iliyoichagua. Ukilainisha mwendo ili uanze polepole, fremu hiyo inasogea mbele bila kukuarifu. Dawa ni kuifanya fremu kuu ya kina isijaze, ishikilie thamani hadi inayofuata. Programu zote nzito zina aina hiyo ya fremu kuu, na kwa kina ndiyo inayofaa kuwa desturi.

Harmony ina la ziada. Nafasi yake ni ya kweli ya pande tatu, kamera ina mtazamo wa umbali, kwa hiyo mkono ukisogezwa mbele sana huonekana mkubwa zaidi. Ndiyo maana kuna njia ya kuusukuma kidogo mno kwenye mhimili wa Z: ukiwa na zana ya kubadilisha umbo, shika Alt na ubonyeze mshale wa juu au wa chini. Msukumo ni mdogo kiasi kwamba ukubwa haubadiliki machoni, lakini unatosha kubadilisha nani anamfunika nani.

Live2D Cubism inastahili maelezo yake pekee, kwa sababu haina mstari wa wakati kwa maana ya kawaida pale mhusika anapoendeshwa na uso wa mtu kupitia kamera. Kila kipande kina namba ya mpangilio kuanzia 0 hadi 1000, na kisipoguswa huwa 500. Namba kubwa iko mbele. Namba hiyo hufungwa kwenye parameta, yaani thamani inayoendesha mwendo wa mhusika, kwa mfano pembe ya kichwa kugeuka kushoto na kulia. Kichwa kikigeuka, shungi la nywele upande mmoja hutoka mbele na la upande mwingine hurudi nyuma. Wengi huweka makutano, yaani mahali namba za vipande zinapopitana, kwenye pembe ya sifuri, kwa kuwa inaonekana kuwa katikati kwa haki. Lakini sifuri ndipo mtu hukaa muda mrefu kuliko popote, akitazama kamera, na kichwa cha binadamu hakitulii kabisa. Kila kinapotetemeka nukta moja kushoto na moja kulia, shungi linaruka mbele na nyuma na kumetameta. Sogeza makutano kwenye pembe ambayo mtu huipita bila kukaa, na ambayo vipande hivyo havigusani.

After Effects, inayotumiwa sana kwa katuni za vipande, hairuhusu kabisa kuweka fremu kuu kwenye mpangilio wa matabaka ya kawaida. Watu hukata tabaka mahali pa badiliko, nusu ya pili huwa tabaka linalojitegemea na kushushwa chini ya kichwa. Wengine hutengeneza nakala mbili za mkono, moja juu na moja chini, na kuzibadilishana kwa uonekano wa 100 na 0 unaoshikilia bila kufifia. Kwa shoti moja inatosha. Kwa mhusika atakayetumika kwenye mfululizo mzima, nakala mbili zina maana kwamba kila marekebisho ya mkono hufanywa mara mbili, na siku moja nakala hizo zitatofautiana.

Kundi ni tofali

Kuna mpaka ambao programu nyingi haziutangazi: mpangilio huhuishwa ndani ya kundi, na kundi lenyewe likitazamwa kutoka nje ni kitu kimoja. Hakuna kitu cha nje kinachoweza kuingia katikati yake.

Mpaka huu hauonekani hadi wahusika wawili wakumbatiane. Wanaangaliana, tunawaona kwa ubavu. Mkono wa karibu wa wa kwanza lazima upite juu ya mgongo wa wa pili, na mkono wake wa mbali upite nyuma ya mwili wa wa pili. Wa pili naye vivyo hivyo kwa wa kwanza. Kama kila mmoja ni kundi lake, ama kundi la kwanza lote liko juu, ama la pili lote. Hakuna fremu wala ujanja wa kasi utakaosaidia. Katika Harmony, kiunganishi cha mhusika kikiwekwa kwenye hali ya kupitisha badala ya kubapanisha, kina cha kila kipande hutoka nje na vipande vya wahusika wawili huweza kuchanganyika. Katika programu za orodha, mikono ya karibu hutolewa nje ya makundi na kuwekwa juu ya wote kwa ajili ya tukio hilo, ikiendelea kufuata mifupa yake. Vyovyote iwavyo, tukio la kukumbatiana lipangwe wakati wa kumjenga mhusika. Kulitatua siku ya kuhuisha ni ghali.

Kuna hata hali ambayo kuvunja kundi hakutoshi. Kiganja kikishika fimbo, vidole viko mbele ya fimbo, na fimbo iko mbele ya kitanga. Kama kiganja ni picha moja, kinatakiwa kuwa mbele na nyuma ya kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hakuna orodha duniani inayoweza kuliandika hilo. Tatizo la aina hii liliwakabili pia watu wa michoro ya pande tatu. Martin Newell, Richard Newell na Tom Sancha walipochapisha mwaka 1972 njia yao ya kupanga maumbo kwa kina, maumbo yaliyofunikana kwa mzunguko waliyashughulikia kwa kuyakata. Sisi pia tunakata. Kiganja kiwe vipande viwili tangu siku ya kwanza, kitanga kimoja na vidole kingine, hata kwenye matukio yasiyo na cha kushika. Fimbo huingia katikati yao kwenye fremu ambayo vidole vinajifunga.

Vinavyovunjika kimyakimya

Maski, yaani umbo linalokata matabaka mengine ili yaonekane ndani yake tu, hutegemea mpangilio. Katika Moho, maski ndani ya kundi huathiri matabaka yaliyo juu yake, kwa hiyo mboni ikivutwa chini ya weupe wa jicho inaweza kuacha kukatwa na kuonekana shavuni. Katika Spine, kipande cha kukata huanzia nafasi yake kwenye orodha ya kuchora na kuishia kwenye nafasi uliyoitaja. Chochote kinachoingia kati ya hizo mbili kinakatwa, hata kama ni mkono uliokuwa unapita tu. Kila unapobadilisha mpangilio, angalia macho na mdomo kwanza.

Kwa mwendo unaojirudia, weka fremu kuu ya mpangilio kwenye fremu ya kwanza kabisa hata kama haibadilishi kitu. Bila hiyo, mzunguko wa pili unaweza kuanza na hali iliyoachwa na mwisho wa mzunguko wa kwanza.

Kwenye michezo ya kompyuta, injini huchanganya miendo: mhusika anatoka kutembea kwenda kupiga, na kwa sehemu ndogo ya sekunde pozi zake ni wastani wa miendo hiyo miwili. Pembe zina wastani. Mpangilio hauna, kwa hiyo injini huchagua upande mmoja. Katika Spine kuna kizingiti kinachoamua hadi kiwango gani cha kuchanganya mpangilio wa mwendo unaoondoka uendelee kutumika, na kisipowekwa, mpangilio huo huachwa mara tu uchanganyaji unapoanza. Mhusika aliyekatizwa akiwa mkono uko kisogoni ataona mkono huo ukirukia mbele ya uso wake. Mpe mwendo mfupi wa kutoka unaoushusha mkono kwanza, au zuia kukatizwa kwenye fremu hizo.

Na kuna wakati wa kutohuisha mpangilio kabisa. Mhusika anapogeuka kutoka kututazama hadi kutupa mgongo, karibu kila kitu hubadilishana nafasi: mkono wa karibu na wa mbali, nywele na uso, mkoba na kiwiliwili. Unaweza kuandika fremu kuu tano za mpangilio na kupambana na kila mpishano. Mimi ningechora kichwa cha robo tatu na cha mgongo kama picha tofauti, kila moja na orodha yake iliyokwishapangwa, na kubadilisha picha nzima kwenye fremu yenye kasi, pengine na mhusika akiwa amefumba macho. Orodha ya mwili ibadilike mara moja tu, kwenye fremu hiyo hiyo.